Kujifunza Maneno ya Kiingereza Yenye Maana Nyingi: Ushauri kwa Wanafunzi na Wafanyabiashara wa Kariakoo

Jina la Kariakoo limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, "Carrier Corps", yaliyokuwa jina la kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa shehena za jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambao kambi yao, baada ya Dar es Salaam kutwaliwa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, iliwekwa mahali ambapo leo pamejaa maduka, stoo na majengo ya ghorofa. Wapagazi hao hawapo tena, lakini neno "carrier" linaendelea kuingia Kariakoo kila siku likiwa na maana nyingine kabisa: kwenye hati ya shehena inayofuatana na kontena, ni kampuni ya meli iliyokubali kusafirisha mzigo, katika kijitabu cha mafunzo ya afya, ni mtu mwenye vimelea vya ugonjwa anayeweza kuwaambukiza wengine ilhali yeye mwenyewe haugui, katika habari za majeshi ya kigeni, ni meli kubwa inayobeba ndege za kivita, na juu ya paa la gari, ni kile chuma cha kufungia mizigo ambacho mafundi wamekizoea kwa jina la keria. Anayejua kwamba "carrier" ni mpagazi hajakosea, ila amejua sehemu ndogo ya neno, na siku hati ya shehena itakapomfikia mkononi sehemu hiyo haitamfaa.

Ugumu unaozungumzwa katika makala haya ni huo. Anayejifunza Kiingereza katikati ya Dar es Salaam, awe mwanafunzi wa sekondari, muuza duka au wakala wa forodha, hapotezwi sana na neno asilolijua, kwa sababu neno geni hujionyesha ugeni wake na msomaji hulazimika kusimama, kuuliza au kufungua kamusi. Linalompoteza ni neno alilokwisha kulizoea kwa maana moja, ambalo analipita bila kusita huku mwandishi akiwa amekusudia maana nyingine, na kwa kuwa hakuna kilichomshtua, hana sababu ya kuuliza. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kabisa kwa mjifunzaji ni kubadili namna anavyoyatazama maneno mafupi na ya kawaida, kwani hayo ndiyo yenye maana nyingi kuliko maneno marefu ya kitaaluma. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, iliorodhesha maana zaidi ya 400 za neno "set" peke yake, ilhali jina la dawa lenye herufi ishirini kwa kawaida lina maana moja tu.

Wanaisimu hutofautisha hali mbili ambazo mjifunzaji anafaa kuzifahamu kwa sababu kila moja inahitaji mbinu yake. Ya kwanza huitwa polisemia, yaani hali ya neno moja kuwa na maana kadhaa zinazohusiana, kama Kiswahili kinavyozungumzia kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni na kichwa cha lori, ambapo katika matumizi yote hayo msikilizaji anaiona ile dhana ya kilicho juu au kilicho mbele. Ya pili ni homonimia, yaani hali ya maneno tofauti, yasiyo na asili moja, kufanana umbo kwa bahati tu, kama kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kaa. Kiingereza kina hali zote mbili. Neno "seal" la sili inayofungwa kwenye mlango wa kontena lilitoka katika Kilatini, na "seal" la mnyama wa baharini ni neno la kale la Waingereza wenyewe. Vivyo hivyo "tender" ya zabuni na "tender" inayosema nyama ni laini zimetoka katika maneno mawili tofauti ya Kilatini. Mjifunzaji asipoteze muda kutafuta kinachoyaunganisha maneno ya aina hii ya pili. Ayaandike kama maneno mawili, kila moja na sentensi yake. Lakini polisemia, ambayo ndiyo kubwa zaidi, humlipa vizuri mtu anayetafuta uhusiano.

Mfano wa neno "charge" unaonyesha jinsi malipo hayo yanavyopatikana. Wengi hulijua kwa sababu ya simu, na baadaye hukutana nalo likiwa na maana ya gharama inayotozwa na benki, kisha likiwa na maana ya mashtaka anayosomewa mtu mahakamani, kisha katika usemi unaomtaja mtu aliyepewa usimamizi wa ofisi, na kila mara huliandika upya kana kwamba ni neno jipya. Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kilatini cha zama za mwisho kilichomaanisha kupakia mzigo garini, nacho kilitokana na jina la gari la magurudumu, "carrus". Dhana ya kumpa mtu au kitu mzigo imebaki katika maana zote: betri hupakiwa umeme, mnunuzi hubebeshwa bei, mshtakiwa hutwishwa kosa, na msimamizi hubeba dhamana. Maneno "cargo" na "carrier" yanatokana na shina hilo hilo, jambo linalolifanya jina la Kariakoo na sehemu kubwa ya msamiati wa biashara yake kuwa ukoo mmoja. Mjifunzaji hahitaji kujua Kilatini ili anufaike. Anahitaji kujiuliza, kila akutanapo na maana mpya ya neno la zamani, ni dhana gani moja inayoweza kuzibeba zote mbili, na mara nyingi ataiona kwa kufikiri kidogo tu.

Kuna mtego mwingine ambao huwapata zaidi wazungumzaji wa Kiswahili, nao ni mtego wa neno la mkopo. Kiswahili kinapokopa neno kutoka Kiingereza hakichukui maana zake zote. Huchukua ile iliyohitajika wakati huo, na pengine hulipa neno maana ambayo Waingereza hawana. Oda ya Kiswahili ni agizo la bidhaa, lakini "order" ya Kiingereza ni pamoja na amri ya mahakama, mpangilio wa vitu kwa mfuatano na hali ya utulivu katika mkutano. Fomu ni karatasi ya kujaza, lakini "form" ni umbo, ni kidato, na ni kitenzi cha kuunda. Huko Gerezani, kwenye maduka ya spea na karakana za mafundi, kijana anayejua springi, nati, bushi na beringi tayari ana maneno manne ya Kiingereza kichwani, ila hajui kwamba "spring" ni chemchemi na pia ni majira ya mimea kuchipua, kwamba "nut" ni tunda gumu kama korosho, kwamba "bush" ni kichaka, na kwamba "bearing" inaweza kuwa mwenendo wa mtu au uelekeo wa chombo baharini. Mtu wa namna hii ana mtaji mkubwa kuliko anavyofikiri. Anachotakiwa kufanya ni kuliandika kila neno la kazi yake kwa tahajia ya Kiingereza na kulitafutia maana ya pili, kwa kuwa maana ya kwanza anayo tayari na haitamponyoka.

Yapo hata hivyo maneno ya mkopo ambayo Kariakoo imeyapa maana yake mahususi, na haya yanahitaji tahadhari ya upande wa pili, yaani wakati wa kuzungumza. Fremu ni chumba cha duka, na kila mtu kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi anaelewa mtu anaposema anatafuta fremu ya kupanga. Lakini "frame" ya Kiingereza ni kiunzi cha picha, cha mlango au cha baiskeli, na kama kitenzi ni kumbambikia mtu kosa asilolitenda, kwa hiyo mgeni atakayeambiwa kwa Kiingereza kwamba mwenzake ana "frame" sokoni atawaza kitu kingine kabisa. Winga ni mtu anayempokea mteja barabarani, akampeleka kwenye duka la mtu mwingine na kupata riziki yake katika tofauti ya bei, ilhali Mwingereza anapotaja "winger" anawaza mchezaji wa pembeni wa mpira wa miguu. Hakuna aibu yoyote katika matumizi haya, kwani lugha hai hufanya hivyo na Kiswahili kina haki ya kuyatumia maneno yake kinavyopenda, ila anayezungumza na mnunuzi kutoka Lusaka au muuzaji wa Dubai atumie "shop" na "broker", ambayo ndiyo yatakayoeleweka.

Mahali ambapo maana nyingi za neno hugharimu fedha halisi ni kwenye karatasi za biashara, na inafaa karatasi moja itazamwe kwa karibu. Mfanyabiashara anayeagiza vyombo vya plastiki au vifaa vya umeme kutoka Guangzhou au Yiwu kwa kawaida hupokea kwanza profoma, yaani ankara ya awali inayotaja bidhaa, bei na masharti kabla ya malipo kufanyika, na katika karatasi hiyo ya ukurasa mmoja hukutana na maneno matatu ambayo mtoto wa darasa la saba anayajua: "free", "against" na "collect". Yote matatu yatampotosha akiyasoma kwa maana ya darasa la saba.

Neno "free" hutokea katika sharti linaloandikwa kwa kifupi FOB, kirefu chake kikiwa "Free on Board". Anayeijua "free" kama bure anaweza kudhani kwamba usafiri wa meli hautozwi, na akapanga bei yake ya kuuzia kwa dhana hiyo. Maana inayokusudiwa ni ile ya kuwa huru au kutobaki na mzigo wa gharama: muuzaji anagharimia na kuwajibika kwa bidhaa mpaka zinapopakiwa melini katika bandari iliyotajwa, na baada ya hapo nauli ya meli, bima na hatari ya njiani ni vya mnunuzi. Sharti hilo ni mojawapo ya istilahi za biashara zinazojulikana kama Incoterms, ambazo Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara kilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na ambazo toleo lake linalotumika ni la mwaka 2020, na maana zake haziachwi kwa hisia za msomaji.

Neno "against" wengi wamelizoea kwa maana ya dhidi ya, kama timu moja inapocheza dhidi ya nyingine. Kwenye profoma za wauzaji wa China huwa kuna masharti ya malipo yasemayo, kwa mfano, kwamba asilimia 30 italipwa kama amana na salio litalipwa "against copy of B/L". Maana ya dhidi haileti mantiki yoyote hapo. Kinachosemwa ni kwamba salio litalipwa kwa kubadilishana na nakala ya hati ya shehena, yaani mnunuzi atalipa baada ya kuonyeshwa ushahidi kwamba mzigo umepakiwa. Sharti hilo linamlinda mnunuzi, na asiyelielewa anaweza kulipa fedha zote mapema kwa kushinikizwa tu, akiwa ameshika mkononi karatasi iliyompa haki ya kusubiri. Katika sentensi hiyo hiyo neno "balance" ni salio, si mizani wala uwiano.

La tatu ni "collect". Muuzaji anapoandika kwamba sampuli ni za bure lakini usafirishaji ni "freight collect", msomaji anayejua kwamba "collect" ni kukusanya au kwenda kuchukua ataelewa kwamba anatakiwa kwenda kuichukua sampuli yake, na hilo halina gharama ya kutisha. Maana ya kibiashara ni kwamba nauli itatozwa kwa mpokeaji mzigo unapofika, na kwa kifurushi kidogo kinachoruka kwa ndege nauli hiyo inaweza kuizidi thamani ya sampuli yenyewe. Kinyume chake ni "prepaid", yaani nauli iliyokwisha kulipwa na mtumaji.

Karatasi nyingine zina maneno yake. "Gross" likiandikwa mbele ya uzito ni uzito wa bidhaa pamoja na katoni zake, lakini kwa wauzaji wa vifungo, kalamu na vitu vidogo ni hesabu ya dazeni 12, yaani vitu 144. "Duty" ni wajibu, ni zamu ya kazi, na bandarini ni ushuru. "Customs" ni mila na pia ni forodha. "Ship" kama jina ni meli, lakini kama kitenzi ni kusafirisha bidhaa kwa chombo chochote, hata kwa ndege, na ndiyo maana mtu huandika bila kukosea kwamba ame-"ship" mzigo kwa njia ya anga. Katika barua ya benki, neno "interest" ni riba, na "outstanding", ambalo mwanafunzi alilipenda sana liliposifu kazi yake shuleni, hapo linataja deni ambalo bado halijalipwa.

Mwanafunzi naye ana karatasi zake, na mateso yake yanastahili huruma kubwa kuliko yanavyopewa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na wakati huo huo maneno machache aliyoyajua yanabadilika maana kulingana na kipindi. Kondakta aliyemzoea kwenye daladala ya Gongo la Mboto anageuka, katika Fizikia, kuwa kitu kinachopitisha joto au umeme. "Solution" ni jawabu katika Hisabati na ni mmumunyo katika Kemia. "Table" ni meza na ni jedwali. "Product" ni bidhaa dukani na ni jibu la kuzidisha darasani. "Mean" ni kumaanisha, ni wastani, na ni tabia ya uchoyo. Katika mitihani ya Historia swali likianza na "account for", mtahini anataka sababu zielezwe, na mwanafunzi anayetoa masimulizi tu ya tukio, au anayewaza akaunti ya benki, hupoteza alama za jambo analolifahamu vizuri. Walimu wa masomo yote, na si mwalimu wa Kiingereza pekee, wangewasaidia sana wanafunzi kama mwanzoni mwa kila mada wangetaja maneno mawili au matatu ya kawaida ambayo katika mada hiyo yana maana ya pekee. Dakika chache zingetosha, na hakuna muhtasari wa somo unaomzuia mwalimu kufanya hivyo.

Mbinu za kutambua maana iliyokusudiwa zipo, na ya awali ni kutazama neno limekaa wapi katika sentensi. Kiswahili huonyesha aina ya neno kwa viambishi, hivi kwamba kusafirisha, msafirishaji na usafirishaji haviwezi kuchanganywa hata na mtoto, lakini Kiingereza mara nyingi hulitumia umbo moja kama jina na kama kitenzi, na kinachotofautisha ni maneno yanayolitangulia. Likitanguliwa na "the" au "a" ni jina. Likitanguliwa na "to", "will" au "must" aghalabu ni kitenzi, na kamusi huziweka maana za jina mbali na maana za kitenzi, kwa hiyo msomaji aliyeitambua aina ya neno amekwisha kuondoa nusu ya kazi. Katika mazungumzo, mkazo wa sauti nao husaidia. Kiswahili huweka mkazo karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na jozi kama barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa ni adimu, lakini Kiingereza kina maneno mengi, yakiwemo "import", "export", "permit" na "record", ambayo yakiwa majina hukazwa mwanzoni na yakiwa vitenzi hukazwa mwishoni. Anayefanya biashara ya kuagiza bidhaa ayatamke maneno hayo kwa sauti, kwa namna zote mbili, mpaka sikio lake lizoee.

Mbinu yenye nguvu kuliko hizo ni kutazama maneno yanayoandamana. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alisisitiza miaka ya 1950 kwamba sehemu ya maana ya neno iko katika maneno ambayo limezoea kukaa nayo, na dhana hiyo, ambayo wanaisimu wa Kiswahili huiita kolokesheni, ina manufaa ya moja kwa moja kwa mjifunzaji. Neno "raise" likifuatwa na bei ni kupandisha, likifuatwa na watoto ni kulea, likifuatwa na mifugo ni kufuga, likifuatwa na fedha ni kuchangisha, na likifuatwa na swali ni kuibua hoja. Anayelikariri peke yake kama kuinua atapata shida katika matumizi manne kati ya hayo matano, ila anayejifunza majozi, yaani neno na mwenzake, hupata maana na matumizi kwa wakati mmoja, na pia huepuka kuunda sentensi ambazo sarufi yake ni sahihi lakini Mwingereza hazisemi.

Kuhusu kamusi, kosa la kawaida ni kusoma maana ya kwanza na kuifunga. Neno linaloorodheshwa katika kamusi huitwa kidahizo, na kidahizo pamoja na maelezo yake yote huitwa kitomeo. Anayetafuta maana anatakiwa kukisoma kitomeo chote, tena akiwa na sentensi yake pembeni, akizijaribisha maana moja baada ya nyingine mpaka ipatikane inayokaa vizuri. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutenganisha maana kwa namba na kutoa mifano, na inamfaa anayeanza. Aliyepiga hatua aongeze kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, ya aina ile iliyoasisiwa na A. S. Hornby na ambayo Oxford iliichapisha Uingereza mwaka 1948, kwa kuwa kamusi hizo hueleza maana kwa maneno mepesi. Asiye na uwezo wa kununua kamusi mpya anaweza kuipata kwa wauza vitabu vya mitumba, au kuisoma katika Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 1967 kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako mtu wa Kariakoo hufika kwa miguu.

Programu za kutafsiri za simu zina nafasi yake, ila zitumiwe kwa akili. Neno moja likiandikwa peke yake, programu hulazimika kubahatisha na kwa kawaida hutoa maana iliyo maarufu. Sentensi nzima ikiandikwa, ina cha kuegemea. Ikumbukwe pia kwamba Kiingereza cha muuzaji wa Yiwu mara nyingi nacho kimepitia kwenye programu kutoka Kichina, na mfanyabiashara wa Kariakoo akikigeuza tena kwa programu kuja Kiswahili, maana huwa imevuka mipaka miwili. Panapohusika fedha, arudie makubaliano kwa tarakimu na kwa sentensi fupi, ataje nani analipa nini na lini, na asubiri jibu la ndiyo au hapana.

Swali la maana ngapi zijifunzwe lina jibu la kutia moyo. Michael West, Mwingereza aliyefundisha kwa miaka mingi katika jimbo la Bengal wakati wa ukoloni, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayofaa zaidi kwa mjifunzaji wa Kiingereza, na thamani ya pekee ya orodha hiyo ni kwamba mbele ya maana nyingi kuliwekwa asilimia ya matumizi yake. Asilimia hizo zinaonyesha kwamba maana za neno hazilingani uzito: chache hutumika mara nyingi, na zilizobaki hutokea kwa nadra. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukariri maana zote za "set" au "run"; mjifunzaji achukue ile iliyo maarufu kwa watu wote na ile inayohitajika katika kazi au somo lake, na nyingine azingoje zimkute katika usomaji.

Njia nafuu ya kuzihifadhi ni kaunta buku moja iliyopangwa kwa kurasa, kila ukurasa ukiwa na neno moja la kawaida juu, na chini yake sentensi halisi zilizonakiliwa kutoka kwenye profoma, gazeti, kitabu cha shule au ujumbe wa simu, kila sentensi ikiwa na maana yake kwa Kiswahili na mahali ilipotoka. Orodha za neno na tafsiri yake moja, ambazo bado zinaandikwa kwenye mbao za madarasa na kuuzwa kama vijitabu vya Kiingereza cha haraka, ndizo zinazoutengeneza ule ujuzi nusu uliotajwa hapo awali, na ni heri ziachwe. Maana mbili za neno moja zisijifunzwe siku moja, kwa sababu huchanganyikana. Ya kwanza ishike mizizi ndipo ya pili iongezwe. Tangu majaribio ya Mjerumani Hermann Ebbinghaus yaliyochapishwa mwaka 1885 inajulikana kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema baada ya kujifunza, kwa hiyo ukurasa urudiwe kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki kadhaa, na kila mara msomaji afunike tafsiri kwa mkono na ajaribu kuisema kabla ya kuitazama. Muuza duka anaweza kufanya hivyo asubuhi kabla wateja hawajawa wengi.

Linabaki jambo moja ambalo bidii ya mtu binafsi haitoshi, nalo ni mkataba. Katika mikataba ya pango inayoandikwa kwa Kiingereza, "party" ni upande wa mkataba na si sherehe. "Execute" ni kutia saini na kuukamilisha mkataba. "Determine", ambalo kwa kawaida ni kuamua au kubaini, linaweza kumaanisha kuusitisha upangaji. "Premium" ni malipo ya mkupuo mwanzoni mwa pango, ambayo Kariakoo inayajua kwa jina la kilemba. Na "consideration" ni kile chenye thamani ambacho kila upande unakitoa kwa mwenzake, kitu ambacho chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yakikikosa kwa kawaida hayana nguvu. Hakuna kaunta buku itakayomfanya mpangaji awe mwanasheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, na hakuna kinachomlazimisha mwenye fremu na mpangaji, wote wawili wazungumzaji wa Kiswahili, kuandikiana kwa lugha ambayo mmoja wao anaijua nusu. Kila anayetaka kupanga fremu na aombe mkataba wa Kiswahili, na akipewa wa Kiingereza tu, auchukue nyumbani, autafutie mtu wa kumsomea neno kwa neno, na asitie saini siku hiyo.